Sekunde Nane

Televisheni yangu iko nyuma ya mtaa kwa sekunde nane.
Nimezihesabu. Kibokoni nzima inaruka
na mimi bado naona mpira uko kwa beki wa kulia,
anaupapasa kwa wayo kama mtu atafutaye ndara gizani.
Kwa hiyo hakuna goli lililonishtua mwaka huu.
Yote hunijia ukutani kwanza:
kiti chaanguka kwa kina Mbwarali,
sufuria yagongwa, mtoto aliyelala aanza kulia,
ndipo nami husogea mbele
kumtazama mfungaji akihangaika, maskini,
kana kwamba halijaandikwa.

Nchi yangu haimo.
Kila mashindano twaazima bendera
kama mtu aazimavyo kanga ya kwendea arusi,
tukairudisha na doa.
Safari hii nimeazima ya kijani,
si kwa siasa, si kwa ubara,
ila kipa wao hufunga kamba za viatu mara tatu
kisha akatemea glavu,
sawasawa na ndugu yangu Shekue
enzi zake za kudaka Makadara,
mlingoti mmoja tofali,
wa pili ndoo ya Bi Nyevu wa viazi karai.

Shekue sasa analinda lango jingine, Sharjah,
la ghala la matairi, zamu ya usiku.
Simu yake iko mbele ya televisheni yangu,
mbele ya Mbwarali, mbele ya kila mtu nimjuaye.
Mechi ya kwanza aliniandikia GOLIIII
na mimi mpira kwangu ulikuwa bado wa kurusha.
Nilimpigia nikamtukana
tusi alilotuachia marehemu nyanya.
Tukawekeana sharti: kimya mpaka firimbi ya mwisho.

Jana ilikuwa robo fainali.
Nguo ya bibi arusi wa Jumamosi ilikuwa chini ya sindano,
na tangu dakika ya sabini, wallahi,
nilikuwa nimeshona mkono mmoja nje ndani.
Refa mwenye shingo ya bata alipotunyima penalti
nilijidunga kidole, tone likaingia kwenye lesi.
Nitatia ushanga hapo.
Mshambuliaji wetu nilimwita pono, amka wewe pono,
akakosa, nikamwita kwa jina la mamake nisiyemjua,
kisha nikamwomba radhi mamake.
Nilimwahidi Mungu saumu tatu.
Tulipopoteza kona nikazipunguza zikawa mbili.

Matuta.
Manne kwa manne, na la mwisho lao.
Kipa wangu anainama.
Kamba ya kwanza.
Kamba ya pili.
Nasikiliza ukuta. Ukuta hausemi.

Pap! Stima.

Mbwarali kaniambia leo asubuhi barazani
kwamba yeye aliuona mguu ukirudi nyuma.
Mpira hakuuona.

Giza lilikuwa la mtaa mzima, mtu na chake.
Kisha kutoka upande wa Mwembe Tayari, walikobaki na taa,
ukapanda ukelele mmoja mrefu: Yalaaaa!
Nikausikiliza kama daktari asikilizavyo kifua.
Lakini mji huu una neno moja hilo hilo
kwa aliyepata na kwa aliyefiwa.

Nikaigeukia simu.
Sekunde nane, najua, alikuwa ananingojea zipite,
hajui kwamba sina picha ya kungojea.
Zikapita. Zikapita nane nyingine.
Nilimwona pale langoni pake, kofia ya ulinzi kichwani,
kidole juu ya herufi, akiandika na kufuta.

Ikawaka. Ikaimulika nguo nyeupe yote,
na mkono wake ulioshonwa kinyume.

*Dada, umekula?*

Nikachomoa sindano.
Nikamjibu, bado.